Sahihi Mbili za Mzee Telesfori

Baba mkwe wangu, Mzee Telesfori wa Kasansa, alikuwa seremala. Useremala alifundishwa na mabruda wa misheni ya Karema alipokuwa kijana, na pamoja na randa na msumeno walimfundisha kuandika jina lake kwa mwandiko wa kulala, herufi zote zimeshikana. Jina hilo aliliandika kwa penseli nyuma ya kila kabati na chini ya kila kiti alichotengeneza. Makanisa mawili ya Mpimbwe yana mabenchi yake. Jeneza la mume wangu Hezron, mwanawe wa kwanza, alilitengeneza mwenyewe mwaka 1991, lori la mpunga lilipopinduka na kumwua. Alipiga randa siku nzima, hakutaka mtu wa kumsaidia.

Watoto wangu wanamkumbuka babu yao kwa mabenchi hayo, na ni vizuri. Lakini kuna jambo la mwaka 1995 ambalo hawalijui lote, na sehemu mbaya ya jambo hilo ni yangu, si yake.

Mimi ni mwalimu. Hezron alipofariki nilikuwa nafundisha Mpanda mjini, na sikurudi kwetu. Nilibaki katika jina la nyumba ya mume wangu, nikalilinda kuliko waliozaliwa ndani yake. Watoto wangu walikwenda kanisani viatu vimepigwa rangi. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yangu barabarani. Na mkwe wangu nilimheshimu kwa namna mkamwana anavyotakiwa kumheshimu: sikula mbele yake, sikuketi naye benchi moja, na maji yake ya kuoga niliyaweka nje ya mlango nikaondoka kabla hajatoka. Neno lolote la mwili halikuwahi kupita kati yetu. Hata akiumwa tumbo, alimwambia mtoto, mtoto akaniambia mimi.

Mwezi wa Juni mwaka huo, mpunga ukiwa umeshavunwa, aliletwa Mpanda juu ya lori la magunia. Alikuwa ameshindwa kukojoa tangu juzi yake. Hospitali ya wilaya walimwekea mpira na mfuko, wakampima, wakasema ni tezi dume, na kwamba tezi yenyewe imekuwa ngumu kama jiwe, aende kwa daktari wa upasuaji. Wakatuandikia barua ya hospitali moja ya misheni ambayo kufika kwake ni treni na kisha gari.

Aliyestahili kumpeleka ni Makarius, mdogo wake Hezron. Makarius ni mtu mwema, lakini pombe humfungua kinywa. Nikaona siri ya baba yake itarudi Kasansa kabla ya baba mwenyewe, na itatembea kutoka kilabu hadi kilabu. Basi nikamwambia, "Shemeji, wewe baki uangalie shamba na karakana. Baba ana henia tu. Nitampeleka mimi, shule zimefungwa." Akashangaa mkamwana kumuuguza mkwe, lakini alizoea kunisikiliza. Walimu wenzangu nikawaambia henia. Wanawake wa jumuiya, na wengine waliotoka Kasansa, walipokuja kuuliza, nikawaambia henia, na sikuwakaribisha ndani wamwone. Mfuko wa mkojo niliushonea kifuko cha kitambaa cha kaki, rangi ya suruali yake, nikampa mwanangu Skolastika ampelekee babu yake.

Kwenye treni alikaa dirishani na mimi nikakaa kiti cha nyuma yake. Hatukusemezana mpaka Kaliua.

Kwenye mapokezi ya hospitali, karani aliniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nilitazama foleni nyuma yangu. Nikaona watakavyotutazama nikisema mkamwana.

"Ni binti yake," nikasema. Akaandika.

Mzee alinisikia. Alishusha macho chini.

Walimkata kipande kidogo cha nyama cha kupima, kikapelekwa mbali, tukangoja wiki mbili. Yeye alilala wodi ya wanaume, mimi nililala kwenye nyumba ya wauguzaji, tulikopika kwa zamu. Huko nako nilisema henia. Jumanne ya wiki ya tatu Daktari Lyamba aliniita ofisini. Alikuwa kijana bado, mpole, mwenye haraka.

"Dada, nimefurahi wewe ni mwalimu, tutaelewana. Ni saratani. Imeshatoka kwenye tezi imeingia mifupa ya mgongo, ndiyo maana analalamika kiuno. Kuitoa tezi yenyewe haitasaidia sasa."

"Kwa hiyo?"

"Kuna upasuaji mwingine, mdogo, unasaidia sana. Tunatoa korodani zote mbili. Huo ugonjwa unalishwa na kinachotoka huko. Ukiondoa chakula chake, unasinyaa. Wengi mkojo unafunguka, maumivu yanapungua, mtu anaishi miaka. Tusipofanya, mgongo utabanwa na miguu itakufa ganzi. Hatembei tena."

Nilitazama kalenda ukutani kwake. Sikuweza kumtazama yeye.

"Napasua keshokutwa, Alhamisi," akasema. "Ijumaa naondoka kwenda kozi, narudi baada ya miezi miwili. Sidhani kama mgongo wa baba yako utanisubiri. Mweleze vizuri, kwa lugha yenu, maana mtoto wake atamwelewa kuliko mimi. Akikubali aweke sahihi hapa."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Jina la upasuaji lilikuwa maneno mawili tu, nikayasoma, nikayaelewa.

Nilimkuta mzee nje ya wodi, ameketi juani. Nilisimama hatua tatu kama kawaida yangu. Nilikuwa nimepanga la kusema njiani, sentensi nzima, na nilipofungua kinywa ikatoka nyingine.

"Baba, daktari anasema ni uvimbe unaoziba. Watautoa Alhamisi."

"Uvimbe tu?"

"Ndiyo, baba. Hii ni karatasi ya ruhusa."

Aliichukua, akaisogeza mbali na macho. Kiswahili alisoma vizuri, kitabu cha sala alikijua ukurasa kwa ukurasa. Kiingereza hakukijua. Aliangalia ile mistari kwa heshima, kama anavyoangalia kazi ya fundi mwingine.

"Wewe umeisoma?"

"Nimeisoma, baba."

"Basi." Akaiweka juu ya goti, akaandika jina lake lote, polepole, herufi zimeshikana.

Usiku ule nililala. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilijiuliza sana ningewezaje kulala, lakini nililala vizuri. Nilijiambia kwamba akishapona hatakuwa na haja ya kuuliza, na kwamba nimemwokolea maisha na heshima kwa pamoja.

Jumatano asubuhi nilipeleka uji. Madirisha ya wodi yalikuwa wazi, na kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti ya Masalu. Masalu alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili, Msukuma mfugaji, mmoja wa wale waliohamia Mpimbwe na ng'ombe zao. Mzee hakumpenda. Ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wamekanyaga majaruba yake ya mpunga miaka miwili mfululizo.

"Wewe Mpimbwe, umeshanyolewa?"

"Kunyolewa nini? Ndevu?"

"Ndevu, anasema." Masalu akacheka na wengine wakacheka. "Si kesho zamu yako? Kwa dokta yuleyule?"

"Mimi natolewa uvimbe."

"Hata mimi nilikuwa nao uvimbe. Uvimbe wameuacha hukohuko. Wametoa hizi."

"Hizi zipi?"

"We mzee, kwako hamna ng'ombe? Sikiliza nikwambie. Mimi nimehasi madume tangu nikiwa Shinyanga. Nikimshika namwambia, vumilia baba, utalima. Basi Alhamisi iliyopita na mimi nikawa maksai. Kesho tunakuwa jozi. Watufunge nira moja, Msukuma na Mpimbwe, tukalime lile jaruba lako unalonililia kila siku."

Wodi nzima ilicheka, hata yule aliyefungwa kifua. Mzee hakucheka.

"Nani alikwambia hayo?" akauliza.

"Dokta mwenyewe. Mimi na wanangu wawili, alituweka chini akatuchorea na picha. Nililia kidogo, sikudanganyi, halafu nikamuuliza, nitakula nyama? Akasema utakula. Nikasema kata. Wewe hakukwambia?"

"Alimwambia mkwe wangu."

"Mkwe yupi? Yule mama mwalimu? Si binti yako?"

"Ni mke wa marehemu mwanangu."

Hapo hapakuwa na wa kucheka. Nikamsikia Masalu akisema, kwa sauti ya chini sasa, "Mkwe ndiye alibeba maneno ya huku? Pole, mzee mwenzangu. Pole sana."

Nilisimama nje na chupa ya uji. Ningeweza kuondoka. Nilikuwa bado nafikiria kuondoka mzee alipotoka mlangoni. Alikuwa amevaa suruali yake, koti na kofia, na kile kifuko cha kaki amekishika mkononi, hakukificha. Aliketi kwenye benchi la barazani, akaniona.

"Mama Skola. Ile karatasi uliisoma?"

"Niliisoma, baba."

"Yote?"

"Yote."

"Imeandikwa nini?"

Nilijaribu. Nesi mmoja alipita kati yetu na beseni, tukamsubiri apite.

"Masalu hajui kusoma," mzee akasema. "Amenieleza kwa maneno ya ng'ombe, nikaelewa. Wewe umesoma mpaka chuo. Mimi kila siku nawaambia watu, mkamwana wangu akisoma kitu ni kama nimesoma mimi."

"Nilificha kwa heshima, baba."

"Heshima ya nani? Wangenikata, nikaamka, nikajishika mwenyewe, nikatafuta. Ungekuwa umesimama wapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Nilikuwa nimefikiria Kasansa, nimefikiria jumuiya, nimefikiria watoto wangu watakavyochekwa. Asubuhi ya kuamka kwake sikuifikiria.

"Nitafutie gari la kwenda stesheni," akasema. "Narudi nyumbani. Nitakufa na vitu vyangu."

Sikwenda kutafuta gari. Nilikwenda ofisini kwa Daktari Lyamba, nikagonga. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nikamwambia mimi si binti yake, ni mkamwana. Nikamwambia kwamba sikumweleza, na kwamba ile sahihi niliipata kwa uongo.

Aliweka kalamu chini. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mama," akasema, na tangu siku ile hakuniita dada tena, "hata kwetu mkamwana asingeambiwa. Mimi nisingekubebesha. Ungeniambia siku ya kwanza ningekaa naye mwenyewe, dakika ishirini tu. Kwa nini ulisema binti?"

"Niliona aibu foleni ikitusikia."

Alichukua ile karatasi kwenye faili, akaipiga mistari miwili toka kona hadi kona. Kisha akatoa mpya. "Kesho saa tatu nina nafasi yake. Saa kumi leo natoa orodha ya wa kupasuliwa. Kama hataki, simlazimishi."

Alikaa na mzee kwenye lile benchi la barazani. Mzee aliomba Masalu naye aitwe, akaja akitembea miguu mbalimbali, ameshika ukuta. Mimi nilikaa mbali kwenye ngazi za jiko la wauguzaji, nikiwaona bila kuwasikia. Daktari alichora kitu. Mzee aliuliza, daktari akajibu. Masalu aliinua mkono, akaonyesha kiuno chake, akainama kidogo na kuinuka, kama kumwonyesha kwamba mgongo unakunjika. Kisha mzee alivua kofia, akawa anaizungusha mkononi. Ikapita saa nane. Daktari aliondoka akaenda kuona wagonjwa wengine, akamwachia karatasi na kalamu. Wanawake jikoni waliniuliza mzee anafanya nini pale.

Saa tisa na nusu alituma Masalu aniite.

"Mama Skola," akaanza, bila kunitazama, "Agatha wangu alikufa miaka saba iliyopita. Sioi tena. Watoto nilishapata. Lakini ni vyangu, na nilitaka kuulizwa mimi." Akaichukua kalamu. "Nimeulizwa. Nitakubali. Ila sirudi Kasansa na henia yako. Makarius ni mwanangu. Atajua baba yake amekatwa nini, na utamwambia wewe, kwa kinywa chako, kwa sababu wewe ndiye uliyemdanganya. Ukikataa, nichukulie gari."

Masalu alikuwa ameangalia pembeni, kwenye bustani, kama mtu asiyesikia.

"Nitamwambia, baba."

"Utatumia neno lenyewe."

"Nitalitumia."

Akaandika jina lake mara ya pili. Herufi zilikuwa kubwa kuliko za kwanza. Nikaipeleka karatasi kwa daktari, na nilipofika alikuwa amekwisha kufungua daftari la orodha.

Alipasuliwa Alhamisi. Wiki moja baadaye walitoa mpira, akakojoa mwenyewe, na nilijua kwa sababu nilimsikia Masalu akipiga kelele dirishani kwamba mvua imenyesha kwa Mpimbwe. Kiuno kilipungua kuuma. Mwanzoni mwa Agosti tulirudi.

Makarius alikuja kutupokea stesheni ya Mpanda. Alikuwa hajanywa. Alimpokea baba yake begi, akamtazama toka juu hadi chini, akaniuliza mimi, "Shemeji, henia imekwisha?"

Mzee alisogea hatua chache, akaketi juu ya gunia la mtu, akatungoja. Watu walikuwa wanashusha mizigo kila upande.

"Haikuwa henia," nikasema. "Ni saratani ya tezi dume. Wamemtoa korodani zote mbili ili isiendelee. Nilijua, nikakudanganya wewe na wote."

Nilitegemea kila kitu isipokuwa alichofanya. Alikaa chini palepale, akajifuta uso kwa kofia.

"Ni hilo tu?" akasema. "Shemeji, ni hilo tu?"

"Makarius, ni saratani."

"Nimesikia. Lakini nyie mmeondoka wiki saba, hakuna barua. Mgonjwa hakuonwa na mtu. Watu walikuja kwako kumtazama ukawarudisha mlangoni. Unafikiri Kasansa wamesema nini? Henia ya kufichwa hivyo?" Akashusha sauti. "Wamesema ana ule ugonjwa wa siku hizi. Kuna mtu amerudisha viti vinne, eti vimeingia jasho la mzee. Aliyeagiza kitanda amekuja kuchukua mbao zake. Mimi nimepigana na watu wawili."

Aliendelea, na nadhani hakutaka kuendelea.

"Na wamesema na kaka. Wanasema hata Hezron lile lori lilimmalizia tu, alikuwa ameshaanza. Wanasema wewe msomi ulijua kumfichia tangu wakati ule. Kwamba na wewe unao, ndiyo maana hukuolewa tena."

Mzee alikuwa amesikia. Aliinuka kutoka kwenye gunia, akavaa kofia. "Twende Kasansa," akasema. "Wote watatu. Usibaki mjini, Mama Skola."

Jumapili baada ya misa alisimama na wanaume nje ya kanisa, akawaambia mwenyewe. Sikusikia maneno, nilisikia kicheko cha mara moja, kisha kimya, kisha mtu akauliza swali na wengine wakasogea karibu. Baadaye Makarius aliniambia wawili kati yao walikuwa wanakojoa kwa shida na hawakuwa wamemwambia mtu. Wanawake hawakuweza kumuuliza mzee, wakaniuliza mimi. Nilisema neno lile mara tatu asubuhi hiyo, mbele ya watu niliokuwa nimewafungia mlango. Mama mmoja alinishika mkono. Wengine waliitikia tu, "Kumbe," na nikaona wanapima kama huu nao ni uongo wa mwalimu.

Mzee walimwamini. Alikuwa na kovu la kuonyesha wanaume, na barua ya daktari ambayo Makarius aliisoma kwa sauti kilabuni bila aibu yoyote. Viti vinne vilirudi. Mzee aliishi miaka mitatu na miezi kadhaa, akapiga randa mpaka mwaka wa mwisho, na Masalu alikuja kumtembelea mara mbili na kibuyu cha maziwa, wakikaa karakana wakitukanana. Kabla ya kufa mzee aliniambia yameisha kati yetu, na niliamini kwamba kwake yameisha.

Lakini Hezron hakuwa na barua ya daktari. Alikufa chini ya magunia ya mpunga, mzima kabisa, na watu waliomtoa walimwona. Mwaka uliofuata kifo cha mzee, muuza dagaa mmoja nisiyemjua vizuri alinisogelea sokoni Mpanda, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kunisaidia, iwapo nimeshakwenda kupima damu. Nikamwambia mume wangu alikufa kwa ajali. Akasema, "Ndiyo, mwalimu, tulisikia," akanipimia dagaa, akaongeza kidogo juu.